Bibi wa Supu: Historia ya Marehemu Mama Meas Phally, Mkaguzi wa Makao ya Watoto

Watawa wetu waheshimiwa, wazee wa kijiji, majirani, walimu, na nyinyi mliofanya kazi na marehemu na mmeketi mstari wa mbele, historia za wafu wetu huanza na jina la baba na jina la kijiji, lakini marehemu Mama Meas Phally aliagiza kwamba yake ianze na jina la mtoto, Leakhena, aliyekuwa na umri wa miaka minane mwaka 2012, kwa kuwa ndiye aliyemwambia kwanza, wakiwa wawili mbele ya mtungi wa kunawia mikono, jambo ambalo yeye mwenye kazi ya kulijua alikaa nalo miaka saba bila kulijua.

Agizo hilo alilitoa jikoni, akiwa amelala kwenye kitanda cha mianzi karibu na moto, akamtaka mkwe wake Sokny, mke wa Bora, aandike, kwa sababu Sokny, ingawa aliishia darasa la sita, haandiki neno mpaka ajue linavyoandikwa, wala haongezi chumvi. Mwanawe mkubwa, Veasna, ambaye ndiye anayewasomea sasa, alijaribu kumzuia, akasema, "Mama, watu wa ofisi watakaa mbele kabisa, nyuso zetu tutaziweka wapi?" naye akamjibu, "Ziacheni hapo hapo zilipo, mwanangu, wazione."

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1962 katika kijiji cha Anlong Kray, mkoa wa Pursat, hapa Kambodia, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa Mzee Meas Chhun, mkulima wa mpunga aliyegema utomvu wa mivumo, jamii ya mitende, na kuupika uwe sukari, na Mama Sim Ol, msukaji wa mikeka. Mama Sim Ol alikuwa na sheria moja ambayo watoto wake waliijua kabla ya kujua kuhesabu, kwamba mtu haendi kwa mwenzake saa ya chakula bila kutanguliza neno, maana ukimkuta na chungu kitupu umemvua nguo mbele za watu, na akiwatuma kwa shangazi yao hata kuomba moto tu, mmoja wao ilibidi atangulie mbio akipiga kelele njiani kwamba wenzake wako nyuma wanakuja.

Alianza shule katika uwanja wa pagoda mwaka 1969, akasoma mpaka darasa la tano, na vita vikaifunga shule hiyo mwaka 1974. Zilipoingia enzi za utawala wa Khmer Wekundu, Aprili 1975, alikuwa na miaka kumi na mitatu, akatengwa na wazazi wake, akapelekwa kwenye kikosi cha vijana waliochimba mfereji, wakila uji ambao ukiinama juu ya bakuli unauona uso wako na mawingu nyuma yake. Ilikuwa siku wakubwa wanapokuja kuukagua mfereji, wapishi wanapewa mchele na samaki wakavu, vijana wananawishwa na kupangwa mistari, na mara moja mkubwa mmoja aliyekuwa akipita akiuliza kama wanashiba alisimama mbele ya Phally, naye Phally akajibu pamoja na wenzake kwa sauti ya juu, "Tunashiba!" na mkubwa yule akafurahi, akamgusa kichwa, akaenda zake. Kesho yake uji ulirudi kuwa maji. Baba yake na kaka zake wawili hawakurudi kutoka katika miaka ile.

Mwaka 1979 alirudi Anlong Kray na mama yake, akaendelea na masomo akiwa mkubwa kuliko dawati, na mwaka 1982 akamaliza kozi ya ualimu wa shule za msingi. Katika shule aliyopangiwa alimkuta Mwalimu Ung Sarith, wakafunga ndoa tarehe 12 Februari 1984, na wazee waliokuwapo wanakumbuka kwamba bwana harusi alikuwa amekonda kiasi kwamba ilipofika saa ya kuwafunga nyuzi za baraka mikononi, shangazi mmoja alisema, "Kaza fundo, huyu upepo utamchukua." Nyumba yao ilijaliwa watoto watatu, Veasna aliyezaliwa mwaka 1985, Rachana mwaka 1988, na Bora mwaka 1994, nao wamewaletea wajukuu sita, na Mwalimu Sarith alitangulia mwaka 2019.

Kuhusu kazi, marehemu alifundisha miaka minne, kisha mwaka 1986 akahamishiwa ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya, na kwa miaka mingi alishughulika na wajane, walemavu na waliokatwa miguu na mabomu ya ardhini, mpaka mwaka 2005 alipopewa kazi ya kukagua makao ya kulelea watoto, ambayo wakati ule yalikuwa yanaota kama uyoga, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja kwa mabasi wakitaka kuona yatima na kuwasaidia, na wilaya ikiwa na wageni wengi kuliko yatima, watoto wa maskini walichukuliwa kwa wazazi wao kwa ahadi ya shule na chakula. Kazi yake ilikuwa kufika, kuangalia vitanda na vyandarua, visima na vyoo, kuzungumza na watoto, na kusema kama makao yanafaa kuendelea, na neno lake likiwa zuri, cheti kilitundikwa ukutani mahali ambapo mzazi anayeleta mtoto angekiona kwanza.

Kazi hiyo aliifanya kwa adabu aliyolelewa nayo, maana hakuna siku aliyokwenda makao yoyote bila kupiga simu siku moja kabla. Wenzake ofisini walimtania, na Rith, mwenzake wa meza ya pili, ambaye yupo hapa na ametukubalia tumtaje, alizoea kusema, "Dada Phally, wewe unakagua au unapeleka posa? Mbona unatanguliza ujumbe kama mshenga?" naye akijibu huku anacheka, "Mdogo wangu, adabu haijawahi kuua mtu." Neno hilo alitutaka tuliandike kama alivyolisema, bila kulipunguza.

Yalikuwapo makao kando ya mto, ambayo jina lake hatutalitaja kwa kuwa marehemu alikataza, akisema jina lake mwenyewe linatosha kubeba aibu hii, na wenyewe walikuwa mume na mke ambao watoto walifundishwa kuwaita Pa na Ma. Hayo ndiyo makao aliyoyapenda kuliko yote. Akifika, watoto wamevaa mashati meupe, wameunganisha viganja, wanaimba, kisha linatandikwa jamvi, inaletwa supu ya kuku iliyotiwa limau na majani, na mgeni anapewa paja, kama ilivyo desturi, naye anakula pamoja na watoto akiwauliza kama wanashiba, na wao wanajibu kwa sauti moja kwamba wanashiba, na yeye anawagusa vichwa. Walimbandika jina, Bibi wa Supu, wakianza kuliita kwa kelele pikipiki yake ikiwa bado barabarani, wakigombania kumbebea mkoba, na alipokuwa anaondoka walimshika sketi, wakamwuliza, "Bibi, utakuja lini tena? Bibi, kesho?"

Jina lile lilimpendeza mno. Alilisimulia harusini, alilisimulia sokoni, alilisimulia Mwaka Mpya mbele ya wakwe, na akirudi nyumbani alimwambia mumewe, "Wale watoto wananipenda kuliko hawa wako wanaonisubiri niwapikie," na Rachana, aliyekuwa binti mkubwa wakati huo, aliwahi kumwambia, "Basi kalale kwao, sisi tutakupigia simu," wakacheka wote. Kwa miaka saba familia hii ilikula kicheko hicho.

Jumanne tarehe 20 Novemba 2012 marehemu alikwenda makao yale, baada ya kupiga simu Jumatatu, akapokewa kwa wimbo, akala, na alipokwenda kwenye mtungi kunawa mikono alifuatwa na msichana mdogo aliyembeba mdogo wake ubavuni, mtoto wa miaka minne aliyeitwa Tola, na msichana huyo, Leakhena, akamwambia kwa sauti ya chini, "Bibi, kesho uje tena."

Marehemu alimtabasamia, akamwambia, "Kesho nina kazi, mwanangu. Kwani umenipenda kiasi hicho?"

"Tola hajashiba," alisema Leakhena. "Ukija wewe tunapikiwa kuku. Usipokuja tunakula wali na maji ya chumvi. Jana Ma alisema tusimalize hata huo, tuache nafasi, maana Bibi wa Supu anakuja."

Marehemu alisema hakuondoa mikono yake mtungini, aliiacha humo humo majini, na mtoto, akidhani kwamba amechoka, akamrahisishia, "Si lazima ukague, Bibi. Ukiwa umechoka uje ukae tu, tutakuimbia hata ukiwa umelala." Kisha akaangalia nyuma kama kuna mtu, akauliza, "Na mama yetu, yuko ng'ambo ya mto, anauza vitumbua. Unaweza kumpigia na yeye simu, kama unavyompigia Ma?"

Mkaguzi wa wilaya aliyekuwa na miaka hamsini aliitoa mikono mtungini. Akaikausha, akawaaga wenye makao, akawashukuru kwa chakula, hata akasifu limau, kwa sababu mdomo uliozoea adabu husema wenyewe, akapanda pikipiki, akaondoka bila kuwangoja watoto wamshike sketi. Jioni Ma alimpigia simu, akasema, "Dada, leo uliondoka kama mtu aliyekanyaga mwiba, kuna kilichokuudhi?" na marehemu akasema, "Hakuna, dada yangu, ni jua tu," na uongo huo pia aliagiza usomwe.

Mumewe alipomwuliza mbona hali chakula, alimweleza, na Mwalimu Sarith, ambaye naye alichimba mfereji katika ujana wake, alisugua goti, akasema, "Ni kama siku wale wakubwa walipokuwa wanakuja," akitaka kumfariji kwamba wakubwa ndivyo walivyo, hudanganywa na walio chini yao. Marehemu akasema, "Sarith, mimi ndiye mkubwa aliyekuja." Tangu hapo, alituambia, hakuna aliyeweza kumfariji, maana mtu mwingine angeweza kusema kwamba hakujua, lakini yeye aliimba wimbo ule ule akiwa na miaka kumi na minne, na njaa ilipomjia imevaa shati jeupe akaigusa kichwa, akala paja lake.

Aliyoyafanya asubuhi ya kesho yake aliomba yaachwe mwisho, nasi tunamtii.

Makao yale yalifungwa Machi 2013, na watoto, karibu wote, walikuwa na mzazi mmoja au wote wawili, wakarudishwa makwao. Leakhena na Tola ndio waliorudishwa kwanza, wakavushwa mto, na mama yao, Bi Nary, aliyeambiwa kwamba wanawe wanakula nyama kila siku na kwamba wazazi wakija kuwatazama watawaharibia masomo, aliacha vitumbua vikiungua kwenye chuma, akawapapasa mbavu moja moja, kisha akamwuliza marehemu bila ukali wowote, "Mkubwa, wewe si ndiye uliyekuwa unakwenda kule? Mimi nilikiona cheti. Ulikuwa unaona nini?" Miaka kumi na moja baadaye, kwenye kitanda cha mianzi, marehemu alisema bado analitafuta jibu.

Wako watoto waliopita katika makao yale kabla ya mwaka 2012, wakakua na kuondoka kabla hajaambiwa na Leakhena, na hao aliwatafuta kwa miaka yote iliyobaki, kila siku ya mapumziko, akiwaendea viwandani na hata mpakani. Wengi walimpokea vizuri. Kijana mmoja, mfyatua matofali, alimwona akasema kwa furaha ya kweli, "Bibi wa Supu! Bado unapiga simu kwanza?" na wenzake wakacheka, marehemu hakuweza. Binti mmoja alimwangalia kupitia dirishani, akalifunga dirisha. Marehemu aliketi kizingitini pale mpaka jua likageuka, akaondoka, na mwaka uliofuata alirudi, dirisha likafungwa tena, na alikuwa akisema kwamba binti yule ndiye aliyekaribia kuliko wote kulijibu swali la Bi Nary.

Ofisini alianza kudai kwamba mkaguzi asitangulize neno, aende saa ya chakula, ale kilichomo chunguni, na jambo hili halikuwapendeza wengi, kwa kuwa lilionekana utovu wa adabu, na mwaka 2014 akaondolewa kwenye ukaguzi akapewa kazi ya vitambulisho vya wazee, akaifanya mpaka alipostaafu mwaka 2017. Tunasema haya bila kumlaumu yeyote, maana yeye mwenyewe alisema, "Wasingekasirika kama mimi nisingewafundisha miaka saba kwamba hivyo ndivyo inavyofanywa." Siku ya kumuaga ofisini walimchinjia kuku, wakampa paja, kama ilivyo desturi, akalichukua kwa mikono miwili, akalitia katika bakuli la mtoto wa mfagizi, na waliokuwapo walidhani ni ukarimu. Majirani mliozoea kumwona karamuni akila wali mtupu na mboga, mkauliza kama ameweka nadhiri, sasa mmejua.

Marehemu alianza kuugua figo mwaka 2021, akatibiwa hospitali ya mkoa, baadaye akawa anapelekwa mji mkuu kusafishwa damu, mpaka Aprili mwaka huu wa 2024 alipoomba abaki nyumbani. Alifariki Jumatatu tarehe 3 Juni, alfajiri, akiwa na watoto wake wote watatu, akili zake zikiwa timamu, na maneno yake karibu ya mwisho yalihusu uji mnaoandaliwa hapa msibani, akasema, "Uwe mzito. Mtu akiinama asijione."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumchoka, watawa wa pagoda yetu, majirani mliolala hapa na kupika, Bi Nary, ambaye tangu msiba huu uanze huvuka mto kila asubuhi na sinia la vitumbua kichwani wala hataki kuambiwa asante, na wenzake wa ofisini, hasa Rith, ambaye baada yake alichukua kazi ya ukaguzi na hapigi simu. Jana saa ya chakula cha mchana aliingia uani msichana mrefu mwenye mfuko mmoja, akitoka mbali, hakuwa ametuma neno kwamba anakuja, na wote tulikuwa tumeinamia mabakuli, akasema, "Nimewakuta mnakula, samahani, mimi ni Leakhena," na Rachana akasimama, akampa bakuli lake.

Ingekuwa historia ya mtu mwingine, hapa tungemtakia mapumziko mema tukaketi, lakini yeye alisema hatapumzika mpaka asubuhi ile isomwe mbele ya watu waliomjua.

Jumatano tarehe 21 Novemba 2012 ilikuwa siku ya sila, siku takatifu ya kushika amri za Buddha, ambayo marehemu, tangu mama yake alipofariki, alikuwa akivaa nyeupe, akienda pagoda, wala hakuua hata mbu. Aliamka kabla ya jogoo, akavaa sare ya kazi, na Mwalimu Sarith akamfuata mpaka penye pikipiki akimwambia, "Umesahau simu kwenye rafu." Akasema, "Sijasahau."

Alifika makao yale watoto wakiwa wamechuchumaa uani na mabakuli, wamevaa nguo zao za siku zote, ambazo hajawahi kuziona, na walipomwona waliruka, wakapiga kelele, "Bibi wa Supu! Bibi wa Supu!" Kabla hajaegesha pikipiki aliwaona wakiweka mabakuli chini, mmoja akamwagia kuku wali wake, wengine wakayasukuma mbali kwa miguu, kwa maana Bibi amekuja, na mwenye akili huacha nafasi tumboni. Ma alitoka ndani nywele zikichuruzika maji, akasema, "Dada Phally! Mbona hukupiga simu? Ungenipigia ningekuandalia kitu!"

"Ndiyo maana sikupiga."

"Sasa nitakupa nini mimi? Unanitia aibu mbele ya watoto!" Na marehemu alikiri kwamba hata pale, akiwa anajua yote, sheria ya Mama Sim Ol ilimpanda kooni, na midomo yake ilifunguka ili aombe radhi kwa yule mwanamke. Akaifumba. Akaketi chini kati ya watoto, akaomba bakuli, akapewa wali uliopoa, maji ya chumvi na jani moja la mboga ya mtoni, akala mpaka akafika chini.

Watoto walimwangalia akila, na kidogo kidogo wakaelewa kwamba jikoni hakuna moshi. Kelele zikakatika. Tola, ambaye alikuwa amelisukuma bakuli lake, alianza kulia bila sauti, na Leakhena akambeba, akasogea karibu kabisa na marehemu, akamwuliza kwa mshangao, kama anayemwuliza mtu mzima aliyesahau kitu chepesi, "Bibi, mbona umekuja bila kuku?"

Katika nchi hii mtoto ndiye huunganisha viganja mbele ya mkubwa, na mkubwa humwinulia mtawa, lakini marehemu, aliyekuwa bado amekaa mavumbini, aliunganisha viganja vyake, akavipandisha mpaka kwenye paji la uso, mbele ya mtoto wa miaka minane, akasema, "Nisamehe." Leakhena hakujua la kufanya, kwa hiyo alifanya alivyofundishwa, akamweka Tola chini, akamrudishia salamu, na wakabaki hivyo wawili, viganja kwa viganja, mpaka Tola akasema ana njaa.

Marehemu akainuka, akamwuliza mpishi, Shangazi Voeun, banda liko wapi. Mpishi alimwangalia Ma, akamwangalia yeye, akanong'ona, "Dada, leo siku ya sila."

"Najua."

"Na hao kuku ni wa wageni."

"Mgeni ndiye mimi," alisema marehemu, akakunja mikono ya sare yake, akaingia bandani, akawatoa mmoja mmoja kwa mikono yake, wote, hakubakiza, na watawa wetu walio hapa wamsamehe dhambi ile, kwa kuwa hakuwahi kuitubu. Alichinja, akanyonyoa, akapika pamoja na Shangazi Voeun, huku Pa akipiga simu hapa na pale akitaja majina ya wakubwa, na ilipoiva akapakua mwenyewe, paja moja akalitia katika bakuli la Tola, la pili katika bakuli la Leakhena. Watoto wakasimama mistari, wakaunganisha viganja, wakavuta pumzi waanze kuimba.

"Msiimbe," aliwaambia. "Leo hakuna mgeni. Kuleni."

Akasimama penye mtungi, mikono yake ikinuka manyoya, akiwatazama, na hakuwauliza kama wanashiba.

Imesomwa, Mama. Sasa pumzika.